Samadi imeshindwa katika bloku mbili: je, nizifute?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo. Jaribio langu ni la mahindi: bloku sita, kila bloku ina ploti mbili, moja nimeitia samadi ya ng'ombe tani 10 kwa hekta na nyingine sikuitia kitu. Nadharia tete yangu ilisema samadi itaongeza mavuno. Bloku nne zimekubali. Bloku ya 2 na ya 5, ambazo ziko bondeni, zimekataa: ploti yenye samadi imezaa kidogo kuliko isiyo nayo. Msimamizi wangu anasema huenda maji yalituama, au samadi haikuoza vizuri. Ameniagiza nizikague bloku hizo mbili, na nikiona dalili nizitoe kwenye uchambuzi. Lakini darasani tulifundishwa hoja ya mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper, kwamba nadharia ikipingwa na kipimo kimoja imeanguka. Je, hiki ninachoagizwa ni sayansi, au ni kuiokoa nadharia kwa hila?

JIBU: Marahaba. Usizifute. Kuhusu ukaguzi, msimamizi wako ana haki kukutuma shambani, ila ukienda, kagua bloku zote sita kwa kipimo kilekile. Ukikagua zile mbili zilizokuudhi peke yake, tasnifu yako imeshaharibika kabla hujaanza kuiandika. Sababu yake nitaifikia.

Kwanza tumalizane na Popper, maana naona amekutia hofu isiyo na haja. Hoja yake ni ya mantiki na ni ya kweli. Ukidai kwamba hakuna mbu anayeuma mchana, mbu mmoja wa saa sita anatosha kukuangusha, na mbu elfu wa usiku hawawezi kukuinua. Dai lako halina umbo hilo. Hukusema kila ploti yenye samadi lazima iishinde jirani yake. Umesema kwamba kwa wastani, katika udongo wa aina ile, samadi huongeza mavuno. Dai la wastani haliuawi na ploti moja, wala halithibitishwi na moja. Hupimwa kwa kundi zima, na ndiyo maana uliweka bloku sita.

Na hapa pana hesabu ndogo ninayokuomba uifanye kwa mkono wako. Rusha shilingi mara sita. Nafasi ya kupata upande wa kichwa mara nne au zaidi ni 22 kati ya 64, yaani kama asilimia 34. Kwa hiyo ushindi wa bloku nne kati ya sita, ukihesabu nani kashinda bila kuangalia kwa kilo ngapi, ni kitu ambacho bahati tupu hukileta mara kwa mara. Sasa toa zile mbili zilizokataa. Unabaki na nne kati ya nne, na nafasi ya bahati inashuka hadi 1 kati ya 16, kama asilimia 6. Shambani hakuna hata punje moja iliyoongezeka. Ushahidi umenenepa kwa kufutwa mistari miwili kwenye jedwali, na msomaji wa tasnifu yako hawezi kujua.

Lakini swali lako lina kina kuliko hapo, na nimefurahi umeliuliza. Je, ni haki kuitetea nadharia iliyopingwa na kipimo? Ni haki, kwa sababu nadharia tete haiendi shambani peke yake. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Utabiri wako wa mavuno ulibebwa na mambo mengi yaliyofuatana nayo kimyakimya: kwamba samadi ilikuwa imeiva, kwamba mzani uko sawa, kwamba mbegu ni ya gunia moja, kwamba hakuna aliyebadilisha vibao vya ploti. Matokeo yakienda kinyume, unajua kwamba kuna kimoja katika mzigo ule ambacho si kweli. Hujui ni kipi. Kutafuta ni kipi si hila hata kidogo.

Kisa ninachokirudia kila mwaka kwa wanafunzi ni cha mtu mmoja aliyefanya utetezi wa namna moja mara mbili. Sayari ya Uranusi iligunduliwa na William Herschel huko Bath, Uingereza, mwaka 1781. Kufikia miaka ya 1840 ilikuwa wazi kwamba haipiti pale ambapo hesabu za mvutano za Newton ziliitaka ipite. Kwa kanuni uliyofundishwa darasani, Newton alipaswa kuzikwa siku hiyo. Badala yake mtaalamu wa anga Urbain Le Verrier wa Paris alisema pengine kuna sayari nyingine, isiyojulikana, inayoivuta, akakokotoa mahali ilipo. John Couch Adams wa Uingereza alikuwa akifanya hesabu kama hizo. Barua ya Le Verrier ilimfikia Johann Galle, mtazamaji wa nyota huko Berlin, tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Galle alikaa kwenye darubini akitaja nyota moja baada ya nyingine, naye kijana Heinrich d'Arrest akizikagua kwenye ramani mpya ya anga. Wakafika kwenye moja, d'Arrest akasema ile haimo kwenye ramani. Ilikuwa Neptuni, chini ya digrii moja kutoka pale Le Verrier alipoelekeza.

Mwaka 1859 Le Verrier alikuta kasoro nyingine, safari hii kwenye Utaridi, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote. Njia ya sayari hiyo kuzunguka Jua hugeuka polepole, na hata ukihesabu mvuto wa sayari zote, kunabaki kiasi kidogo ambacho hakina mwenyewe: yeye alipata sekunde 38 za pembe (si za saa) kwa karne, baadaye wengine wakasahihisha kuwa 43. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya 84 ya digrii katika miaka 100. Akatumia dawa ileile: kuna kitu kisichoonekana karibu na Jua. Daktari mmoja wa kijijini, Edmond Lescarbault, akaandika kwamba ameona kidoa cheusi kikikatiza mbele ya Jua. Le Verrier akamfuata hadi kwake, akamhoji, akamwamini, na sayari ikapewa jina, Vulcan. Watu waliitafuta wakati wa kupatwa kwa Jua, na siku ilizotabiriwa kupita mbele yake. Ilipokosekana, hesabu ya njia yake ilifanywa upya. Le Verrier alifariki mwaka 1877, Vulcan haijapatikana. Novemba 1915 Albert Einstein alizipata zile sekunde 43 ndani ya nadharia yake mpya ya mvutano, bila kuongeza sayari yoyote. Safari hii kweli Newton ndiye aliyepungukiwa.

Angalia vizuri: siku ya kwanza, tetezi zote mbili zilikuwa halali sawasawa. Zote zilisema, elekezeni darubini mahali fulani, mtaona kitu ambacho hakuna aliyekiona. Neptuni ilionekana. Vulcan ilikosekana, na kuanzia hapo kila marekebisho yalikuwa ya kufidia kukosekana kwenyewe, hayakuleta habari nyingine yoyote. Popper mwenyewe alikubali utetezi wa aina ya kwanza, mradi unaiweka nadharia kwenye hatari mpya ya kukosea. Mwanafalsafa Imre Lakatos, aliyefundisha London, alijenga mawazo yake juu ya tofauti hii: kuna programu ya utafiti ambayo kila kiraka chake hutabiri jambo jipya, na kuna nyingine ambayo viraka vyake hufuata nyuma ya matokeo. Basi usiulize kama msimamizi wako anaitetea nadharia. Uliza utetezi wake unatabiri nini ambacho bado hujakiangalia.

Tuuchukue ule wa maji kutuama. Ploti zote mbili za bloku ya 2 ziko bondeni. Ikiwa maji yaliifunika bloku nzima, yaliiumiza yenye samadi na isiyo na samadi. Hiyo ndiyo kazi ya bloku, tangu mtakwimu R. A. Fisher alipousuka utaratibu huu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919: linalowapata majirani wote wawili linajifuta unapowatoa mmoja kwa mwenzake. Kwa hiyo maji peke yake yanaeleza kwa nini bonde lilizaa kidogo. Hayaelezi kwa nini samadi ilishindwa. Ili utetezi usimame lazima uongeze neno: kwamba udongo uliolowa ukiwa na samadi huumia zaidi, kwa sababu vijidudu vinavyoiozesha humaliza oksijeni kidogo iliyobaki na mizizi inakosa hewa. Hilo linawezekana kabisa. Lakini sasa ni dai jingine, nalo lina alama zake. Chimba shimo katika kila bloku utazame rangi: udongo unaotuamisha maji mara kwa mara huwa wa kijivu wenye madoa ya kutu. Ukiyakuta madoa hayo katika bloku ya 3 pia, ambako samadi ilishinda, utetezi umepata jeraha.

Ule wa samadi mbichi ni mwepesi zaidi kuupima. Samadi yenye majani makavu mengi huwafanya vijidudu waichukue naitrojeni ya udongoni ili waiozeshe, na mahindi machanga yanabaki na njaa. Majani ya chini huwa njano, kuanzia ncha kurudi ndani kwa kufuata mshipa wa kati, kama umbo la V. Kwa hiyo daftari lako la wiki za mwanzo linapaswa kuwa na unjano huo katika bloku ya 2 na ya 5, ploti za samadi tu. Tena samadi ya bloku hizo iwe imetoka lundo tofauti. Kama bloku zote sita zilichota lundo moja, sioni namna utetezi huu utakavyosimama peke yake.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Nilipokuwa kijana katika kituo kimoja cha utafiti, aina ya mahindi niliyoipenda ilizaa kidogo katika ploti kadhaa. Nikarudi stoo na kipima unyevu, nikagundua kwamba magunia ya zile aina zilizoishinda yalipimwa kabla hayajakauka. Mahindi kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 20 ni kilo 92.5 tu ukiyarekebisha hadi asilimia 13.5. Nikasahihisha, na aina yangu ikapanda. Fundi mmoja wa makamo aliyekuwa akifagia punje akaniuliza, "Na yale yaliyokufurahisha, mwanangu, umeyapima?" Sikuwa nimeyapima. Nilipoyapima, yalikuwa na maji vilevile, na ushindi wote ukayeyuka. Kila hesabu niliyokuwa nimeifanya ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kuchagua mahali pa kutafuta makosa. Jambo hili lingali linaniuma hadi leo, maana laiti asingeuliza ningelichapisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Uchambuzi mkuu uwe wa bloku zote sita, kama ulivyopanga kabla ya kupanda. Matokeo ya ukaguzi yaweke katika sehemu yake, uandike waziwazi kwamba maelezo hayo yalizaliwa baada ya kuyaona mavuno. Kama mashimo na daftari vitakubali, utakuwa na nadharia tete mpya, nyembamba na bora kuliko ya kwanza: samadi huongeza mavuno pale maji yasipotuama. Data hizi zimeizaa, haziwezi tena kuipima. Msimu ujao panda bloku kadhaa bondeni na kadhaa mwinuko, samadi ya lundo moja lililogeuzwa na kuiva.

Mwonyeshe msimamizi wako ile hesabu ya shilingi, kwa adabu, nadhani ataielewa mara moja. Na kabla hujalifungua tena jedwali la mavuno, piga picha kurasa za daftari za wiki ya tatu hadi ya sita, ziba namba za ploti, umpe mwenzako asiyejua samadi ilikwenda wapi akuandikie alipoona unjano.