Alama 495 na CV ya kurasa nne

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 41, ni meneja uzalishaji katika kiwanda cha minofu ya sangara. Nataka kuomba MBA ya watendaji (shahada ya uzamili ya biashara) ya London Business School, ile inayofundishwa Dubai. Nimejaribu mtihani wa mazoezi wa GMAT, ule wa kuingilia vyuo vya biashara, nikapata 495. Digrii yangu ni daraja la pili la chini, na hesabu niliziacha chuoni. Rafiki zangu wanasema uzoefu wa miaka 15 unafunika alama. CV nimeiambatisha. Kichwa bado kinafanya kazi: mwaka juzi niliona umeme unakatika zaidi mchana, nikahamishia ugandishaji usiku, dizeli ya jenereta ikapungua kwa theluthi. Nipambane na mtihani au nitafute chuo kisichoudai?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki zako wanakupenda, lakini wamekudanganya kidogo. Anayesoma maombi hutaka mtihani umwambie jambo moja: huyu akikalishwa darasa la fedha na takwimu, atafuata? Mwenye digrii nzuri ya uhasibu kashajibu. Wewe bado. Kwa hiyo fanya mtihani, ila si lazima uwe GMAT.

Chuo hicho hupokea pia Executive Assessment, ambao GMAC, wenye GMAT yenyewe, waliuanzisha mwaka 2016 kwa ajili ya watu waliokaa kazini muda mrefu. Ni maswali 40 kwa dakika 90, na jiometri hamna. GMAT ya sasa ni saa mbili na robo. Alama za Executive Assessment huanzia 100 hadi 200, basi usizipime kwa hiyo 495 yako, ambayo kipimo chake ni 205 hadi 805. Hata hiyo 495 ichambue sehemu kwa sehemu. Huenda kilichokuangusha ni ufahamu wa Kiingereza, wala si hesabu unazozilaumu.

Sasa CV. Hapa nilikunja uso. Kurasa nne! Shule ya msingi, dini, hali ya ndoa, "kutazama mpira". Chini ya cheo umeandika "kusimamia uzalishaji na majukumu mengine kadiri nitakavyopangiwa". Hayo mwajiri wako ndiye aliyeyaandika, kwenye barua ya ajira. Habari ya dizeli, uliyonitupia mimi kwa kupita tu, humo haimo kabisa. Iandike. Theluthi ya lita ngapi kwa mwezi? Shilingi ngapi? Watu wangapi walihamishwa zamu, na waliogoma kufanya kazi usiku uliwalainishaje? Hilo la mwisho usiliache, maana darasa la watendaji linajazwa na watu wanaoongoza watu.

Tena umeandika "meneja" kwa miaka yote 15. Siamini kwamba uliajiriwa ukiwa meneja. Kama ulianza msimamizi wa zamu, sema, na utaje mwaka wa kila cheo. Kupanda kwako ndiko wanakokutafuta. Kurasa mbili zinatosha.

Mkurugenzi wako umemweka mdhamini. Anajua? Masomo haya hula siku za kazi, na vyuo vya aina hii hutaka kuona mwajiri ameridhia. Mwone kabla hujalipia mtihani. Akikunyima siku hizo, itabidi utafute programu yenye ratiba nyingine, na huenda hiyo ina mtihani wake yenyewe.