Uvimbe wa ubongo: mmeuliza, tunajibu

Mume wangu ana miaka 46. Juzi alianguka kifafa sokoni Kibuye, mara ya kwanza maishani. Mashemeji wanasema ametupiwa kitu. – Mama wa Kondele, Kisumu

Mama, mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza apigwe picha ya kichwa: CT, au bora zaidi MRI. Huenda si uvimbe. Huku magharibi wanakofuga nguruwe, mayai ya mnyoo aitwaye tegu yakimezwa, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa hichohicho, nacho kina dawa. Lakini kama kichwa humuuma zaidi asubuhi, anatapika, mkono mmoja unalegea au maneno yanampotea, msingoje. Mashemeji waombe dua mkiwa kwenye matatu ya kwenda hospitali. Sina ugomvi na dua.

Ni simu inayoleta uvimbe huu? – Kijana, Kakamega

Tafiti nyingi hazijaonyesha hivyo.

Ripoti ya dada yangu inasema "glioma daraja la 2". Ndiyo hatua ya pili ya saratani? – Bahati, Nakuru

Hapana. Daraja hupima ukali wa seli, si umbali zilikofika. Glioma huanzia kwenye seli zinazozitunza neva, na ni nadra itoke nje ya ubongo na uti wa mgongo. Madaraja ni 1 hadi 4. Glioblastoma ni la 4. La 2 hukua polepole, ila laweza kugeuka kali baadaye, kwa hiyo asikose MRI za marudio. Ulizeni pia kama kinyama kilichotolewa kilipimwa badiliko la jeni ya IDH. Tangu mwongozo wa WHO wa 2021, glioma nyingi za watu wazima hazipewi jina kamili bila kipimo hicho.

Kwa nini daktari hakuutoa wote? – Mzee, Busia

Mzee wangu, glioma nyingi hujipenyeza ndani ya sehemu za ubongo zenye afya. Daktari hutoa kinachotoka bila kumnyima mgonjwa usemi au mguu. Kwa glioblastoma, kawaida hufuata mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, takriban wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani. Tafuteni mapema mahali pa kulala karibu na hospitali. Nauli ya kila siku itawamaliza.

Baba amepewa deksamethasoni, kichwa kimetulia. Tuahirishe upasuaji? – Siaya

Msiahirishe. Dawa hiyo hupunguza maji yaliyouzunguka uvimbe. Uvimbe wenyewe bado upo. Wala asiikatize ghafla: daktari ndiye atakayeipunguza kidogo kidogo. Na apimwe sukari, hupanda.