Usimpe hata franka moja (jibu kwa mwenzetu wa Luwowoshi)

Usimpe.

Nilisoma mpaka mstari wako wa tatu, nikaweka simu chini, nikatoka nje kupunga upepo, nikarudi. Umeandika kwamba avenyu yenu, ninyi majirani wa barabara moja, mmechanga dola 4,000 za transfoma, na sasa kuna bwana anayejipanga kwa uchaguzi wa 2028 amewaambia mumkabidhi hizo pesa, yeye ataongeza mara mbili yake, halafu mambo yote atayamaliza "na watu wake". Unauliza kama ni jambo jema. Umeuliza pia habari ya barua ya kuandikia komine, serikali yetu ya mtaa, kuhusu jalala, na kamati iwe na watu gani. Hayo tutayaona. Kwanza niambie: pesa iko wapi saa hii? Kama bado iko kwa kesye wenu, mtunza pesa, mwambie alale juu yake.

Mimi ni mtu wa Kalebuka, komine Annexe, hapahapa Lubumbashi, Kongo. Mwaka 2023 kesye wa avenyu yetu nilikuwa mimi, yaani daftari la michango na kopo la maziwa ya unga lenye pesa vilikaa chini ya kitanda changu. Mke wangu alikuwa anasema kopo hilo linamnyima usingizi kuliko mtoto mchanga. Tulikuwa tunachangia bize, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitisha maji chini ya barabara, kwa sababu kwetu kuna korongo ambalo kila mvua linakata njia. Mvua za Novemba zikianza, hakuna gari linalovuka. Mgonjwa anabebwa mgongoni mpaka ng'ambo, pale manseba wanaposubiri na pikipiki zao, nao wakiona viatu vyako vina tope jekundu bei inapanda palepale, kabla hujafungua mdomo.

Fundi alikuja, akapima kwa kamba, akasema: bize nane, upana wa mita moja, si chini ya hapo. Moja ilikuwa dola 120. Nane ni 960. Lori la kuzileta 100. Jumla 1,060. Na ndani ya kopo, baada ya miezi minane ya kugonga mlango kwa mlango, ya kusikiliza "papa kesye, pita juma lijalo", ya mama mmoja aliyelipa mchango wake wote kwa noti za franka mia tano zenye harufu ya samaki, tulikuwa na dola 1,085.

Sijui kama umenielewa. TULIKUWA NA PESA YOTE. Tulikuwa na dola ishirini na tano za ziada, za kununulia vijana wa kazi bukari (ugali) na soda. Kilichobaki ni kupanda lori Jumatatu asubuhi.

Jumapili jioni akaja shemeji yangu.

Hapa niruhusuni nipumue. Shemeji ni ndugu wa mke, huwezi kumfukuza, na yeye anajua huwezi kumfukuza. Alikuja na habari kwamba kuna kandida, mgombea wa ushauri wa komine yaani udiwani, mtoto wa kartie, mtaa wetu, msomi, mwenye moyo. Akisikia tuna dola elfu moja, ataweka elfu moja nyingine. Bize zitakuwa kumi na sita! Tutafunga korongo na ile njia ya chini pia! Shemeji anaongea kama redio. Alimaliza kwa kusema, "Shemeji, bahati haigongi mara mbili." Ni kweli, haikugonga mara mbili. Ilivunja mlango mara moja tu.

Nilipaswa kusema hapana. Badala yake niliita kamati, kamati ikapiga makofi, na Jumanne tulikuwa watu wanne sebuleni kwa huyo bwana, kila mtu na soda yake mkononi. Nilitoa bahasha. Akaipokea kwa mikono miwili, na adabu yote, hakuihesabu. "Kati yetu hakuna kuhesabiana," alisema. Mimi mjinga nikaona huo ni uungwana. Mtu asiyehesabu pesa yako mbele yako hajakuamini, ndugu yangu. Amekwepa kuweka saini.

Hatukuandika kitu. Daftari langu lilikuwa na majina yote ya waliochanga, tarehe, saini, hata alama za vidole. Lakini ukurasa wa kusema "leo pesa hii imetoka kwetu imeingia kwa fulani" haumo. Ningeweza kuuandika kwa dakika mbili. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Mnaweza kucheka, lakini kumbukeni hali ilivyokuwa. Desemba 2023 ilikuwa mara ya kwanza chini ya katiba hii ya 2006 tunavotea, yaani kuwapigia kura, washauri wa komine, na hata hivyo CENI, tume ya uchaguzi, ilifanya hivyo kwenye komine za miji mikuu ya majimbo tu. Hakuna mtu kwetu aliyejua mshauri wa komine anafanya nini. Kampanye yao ilikuwa ya majuma mawili, na ndani ya majuma mawili kila mmoja aliahidi barabara, umeme, maji, zahanati. Huyu wetu alifika mpaka kusema atatuletea pesa ya ule mradi wa serikali wa maeneo 145. Hayo 145 ni teritware, wilaya za mashambani! Lubumbashi ni mji, haimo hata kidogo. Tulishangilia kama watoto.

Nilikuja kusoma sheria baadaye, usiku, hasira iliponizuia kulala. Ni ile ya Oktoba 2008 kuhusu komine, miji, sekta na machifu. Mshauri anakaa kwenye baraza, anajadili, anapitisha bajeti, anauliza maswali. Anayetekeleza ni burugumesta, mkuu wa komine, na msaidizi wake na maeshevini wawili, wenzao wa kuongoza. Komine zinapaswa kupata sehemu yao katika ile asilimia 40 ya mapato ya taifa inayokwenda kwa majimbo, na hata hiyo ikifika inaingia kwenye hesabu za komine, haiingii mfukoni mwa mshauri. Kwa hiyo kandida wa ushauri akikuambia "nitajenga", ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua vizuri sana. Wetu alikuwa wa aina ya pili. Shemeji yangu bado sijui nimweke wapi.

Haya. Siku ya bize.

Karavani, msafara wake wa kampanye, ilikuja na pikipiki kumi na tano, muziki, vijana wamekaa juu ya lori, na bize nne. Nne. Zimepakwa maandishi ya kijani: ZAWADI YA fulani, na namba yake ya kwenye mashine ya kuvotea. Mama wamevaa vikwembe vyenye uso wake, wanaimba. Nikasogea, nikaingiza mkono ndani ya bize moja mpaka begani, kiganja kikagusa upande wa pili. Bize ya mita moja huwezi kufanya hivyo. Ilikuwa sentimita sitini. Nikamwangalia fundi wetu. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamfuata yule bwana nyuma ya lori, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mukubwa, na zingine?" Akanishika bega: "Zingine ziko njiani, papa. Leo tusiharibu furaha ya watu." Kisha kijana wake akanivika kofia. Nimepiga hesabu mara nyingi: dola 1,085 ukitoa bei ya bize nne ndogo, unabaki na kofia na vikwembe vingi tu. Kwa hiyo ile kofia ninayo bado. Ndiyo kofia ya bei kubwa kuliko zote Lubumbashi nzima, na imenibana.

Tulizifukia hivyohivyo, kwa sababu watu walikuwa wanataka kuona kitu. Tarehe 20 Desemba tukavota, sehemu nyingine mashine zilichelewa wakaendelea mpaka kesho yake. Siku chache kabla ya Noeli ikanyesha ile mvua ya usiku kucha. Bize za sitini zilijaa majani, chupa na mifuko kwa muda usiofika saa moja. Maji yalipokosa njia ya chini yakapita juu, halafu pembeni, yakala ukingo, yakaingia nyumba tatu ambazo miaka yote hayakuwahi kuzifikia. Unaelewa? Korongo letu la zamani lilikuwa na heshima zake, tulijua linapita wapi. Tulilipa dola 1,085 ili lihamie kwa jirani. Huyo mama wa noti za samaki ni mmoja wa hao watatu. Hakunitukana. Aliweka godoro lake kwenye jua mbele ya mlango wangu, akaenda sokoni.

Matokeo ya Januari 2024 yakamkuta bwana wetu hayumo. Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe utamu ulikuwa bado. Asubuhi moja lori likaja bila muziki. Vijana wanne, sepetu, kamba. Wanachimbua bize. Nikatoka na suruali ya kulalia.

"Munafanya nini?"

"Papa, mwenyewe ametutuma. Anasema hamukumuvotea, basi anarudisha vitu vyake."

"Vitu vyake? Ile ni pesa ya avenyu!"

Kiongozi wao, mtoto mwenye adabu kabisa, akatoa karatasi mfukoni akanipa niisome. Fakture, yaani risiti, ya yadi ya bize. Bize 4, sentimita 60. Mteja: jina la bwana. Imelipwa. Muhuri. Nilisimama nayo pale barabarani na sikuwa na neno moja la kujibu, kwa sababu karatasi ilikuwa inasema kweli. Mnunuzi alikuwa yeye.

Tulipeleka shauri mbele. Afisa aliyetupokea alisikiliza vizuri, akauliza kitu kimoja tu: "Karatasi yenu iko wapi?" Nikatoa daftari. Akaligeuza, akasema daftari hili linaonyesha ninyi mlichangiana, halionyeshi yeye alipokea. Shahidi je? Shahidi wetu alikuwa shemeji. Shemeji akasema wakati wa bahasha alikuwa nje anapokea simu. Soda mbili alikunywa, ndugu zangu! Mbili, mbele ya macho yangu! Mpaka leo tukikutana kwenye kilio najifanya nimeitwa kupanga viti.

Sasa kwako. Pesa ya avenyu itoke mkononi mwa kesye iingie mkononi mwa muuzaji, na fakture iandikwe jina la avenyu. Isipite kwa kandida, wala kwa kijana wa kandida, wala kwa shemeji wa mtu yeyote. Kama bwana wenu anataka kuongeza, mlango uko wazi: aende mwenyewe pale mnaponunua, alipe sehemu yake, achukue fakture yake ya pili, apige picha hata mia akiwa amekumbatia transfoma. Apake hata rangi ya kijani. Lakini sehemu yenu iwe na karatasi yenu. Mwambie hivyo leo jioni, halafu angalia uso wake. Mwenye nia ya kweli atauliza yadi iko wapi. Mwingine atasema hamumwamini, ataumia moyo, atakumbusha watu alivyosaidia kwenye kilio cha nani. Mkimwona anaumia moyo, shikeni kopo.

Tena wewe uko kwenye transfoma, ambayo ni mbaya kuliko bize. Bize niliipima kwa mkono. Transfoma utaipimaje? Sahani ya chuma iliyo ubavuni ina nguvu yake, mwaka na namba ya kiwanda. Namba hiyo iwe kwenye fakture, ileile, tarakimu kwa tarakimu. Na kabla ya kulipa muulizeni anayehusika na umeme wa kartie, kwa maandishi, kama nguvu hiyo inafaa kwa idadi ya nyumba zenu. Mkiletewa ndogo itaungua mwezi wa kwanza, kama zetu zilivyojaa majani.

Usiniambie "huyu wetu ni tofauti". Na wetu alikuwa tofauti. Alikuwa mwalimu wa katekisimu.

Ee, ulikuwa umeuliza barua. Mwandikieni burugumesta, nakala kwa shefu wa kartie, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hamkuandika. Mshauri wenu aliyechaguliwa mpeni nakala pia, kusukuma jambo kwenye baraza ndiyo kazi yake halali, mtumieni kwa hiyo. Habari ya kamati sikumbuki vizuri uliulizaje, nitarudi kusoma.

Bize ya nne hawakuiweza, ilikuwa imeshikwa na tope, kamba ikakatika mara mbili wakaenda zao. Bado ipo. Watoto wanajificha ndani, na yule mama wa godoro amepanda lengalenga pembeni yake maana pana maji. Mvua imefuta jina la bwana na namba yake. Limebaki neno ZAWADI tu, na mimi napita hapo kila asubuhi nikienda kutafuta manseba.