Usisubiri Kuitwa Kupika Chapati

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, vyuo vya huku vinatukumbuka zaidi siku ya utamaduni. Unapigiwa simu uje na chapati na sambusa, uvae kitenge, na kama una vijana wanaojua kucheza, waje na ngoma. Ni jambo jema na nimelifanya kwa moyo. Lakini kwenye chuo cha jamii cha mjini kwako, yaani community college, chuo cha umma kilicho karibu na wakazi, kuna sanaa mwaka mzima, na nafasi yako humo ni kubwa kuliko meza ya chakula.

Nitatoa mfano wa ninapopajua. Portland, jimbo la Oregon, kuna Portland Community College, wenyewe tunaita PCC. Kampasi yake ya Cascade iko mtaa wa Killingsworth, kaskazini mwa mji, na hapo kila Februari huanza tamasha la filamu za Kiafrika linaloendelea hadi mapema Machi. Lilianza 1991, halina kiingilio, na kazi nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Basi namba 72 linapita hapo hapo. Hata hivyo nakutana na Watanzania, Wakongo na Warundi waliokaa Portland miaka mingi bila kuingia ukumbini hata mara moja, kwa kudhani ni shughuli ya wanafunzi peke yao.

Si ya wanafunzi peke yao. Chuo cha jamii kama PCC huendeshwa kwa sehemu kwa kodi za majengo za eneo lake, na wewe unayelipa pango unazichangia kupitia mwenye nyumba. PCC ina kumbi za maonyesho ya picha na uchongaji, zikiwemo North View kampasi ya Sylvania, Helzer kampasi ya Rock Creek, na Paragon hapo Cascade. Unaingia bure na kutazama kwa utulivu. Mchoraji akiwepo mnazungumza, na watoto wanajifunza kusimama mbele ya kazi ya mtu na kusema wanachokiona. Tamthilia na matamasha ya muziki ya wanafunzi nayo huwa bei nafuu. Tafuta kalenda ya matukio kwenye tovuti ya chuo mwanzoni mwa kila muhula. Mabango ya ukutani usiyategemee, huyaona anayeingia humo kila siku.

Ukishaenda, nakuomba jambo moja: filamu ikiisha, usiondoke. Taa zikiwashwa, mara nyingi huwa kuna mazungumzo, pengine mwongozaji mwenyewe yupo, na hapo ndipo tunapohitajika hasa. Jioni moja tulitazama filamu kutoka kwetu yenye kisa cha posa. Watu waliuliza kwa nini baba wa binti alikaa kimya huku mjomba akipanga kila kitu. Waliona udhaifu wa baba. Maandishi yaliyopita chini ya picha yalikuwa sahihi kabisa, ila hayawezi kueleza ukoo. Nikanyanyua mkono, nikaeleza kuwa kwa watu wanaofuata ukoo wa mama, kama Waluguru wa Morogoro, mjomba ana sauti nzito juu ya watoto wa dada yake, na baba anayemwachia nafasi anatimiza adabu. Ukumbi mzima uligeukia kisa upya, na maswali yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko ya mwanzo. Kiingereza changu kina lafudhi ya kwetu na hakuna aliyejali. Usingoje lugha yako inyooke ndipo useme, maana unalolijua hapo hakuna mwingine wa kulisema.

Na ukisema, sikiliza pia. Cascade iko eneo la Albina, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa makazi makuu ya Wamarekani Weusi wa Portland. Wengi waliondolewa pale barabara kuu ya I-5 na miradi mingine ya mji ilipopitishwa juu ya nyumba zao. Wazee waliokulia hapo huja kwenye filamu hizi. Wengine wamebeba maswali juu ya Afrika tangu utotoni, na wana historia yao ambayo sisi tuliokuja kwa ndege hatukufundishwa. Kaa nao. Waulize kuhusu mitaa hiyo ilivyokuwa. Nimepata elimu zaidi kwenye viti vile kuliko katika somo la historia ya Marekani nililolilipia ada.

Sasa tuje kwenye ngoma. Ukiombwa kuleta "ngoma ya Kiafrika", kubali kwa sharti kwamba itatajwa kwa jina lake na watu wake. Bugobogobo ni ya Wasukuma na inachezwa kwa majembe kwa sababu imetoka kwenye kilimo cha pamoja. Sindimba ni ya Wamakonde. Omba dakika chache za maelezo kabla ya mchezo, na jina liandikwe kwenye ratiba. Waandaaji niliofanya nao kazi walifurahi kulisikia hilo, wengi hawakuwa wameambiwa.

Ulizia malipo mapema bila haya. Matukio mengi ya vyuo yana bajeti, na sehemu yake hutoka kwenye ada ya shughuli ambayo wanafunzi hulipa kila muhula. Msanii anastahili kulipwa kama fundi wa vipaza sauti anavyolipwa. Kwa kawaida utajaza fomu ya kodi iitwayo W-9, kisha hundi huchukua wiki kadhaa, basi usitumie nauli ya vijana wako ukitegemea kurudishiwa siku hiyo hiyo. Tahadhari kubwa: kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, au kibali chako cha kazi hakijatoka, usipokee hata dola kumi kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni au mwanasheria. Malipo ya jukwaani yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi.

Watoto waje, ila soma maelezo ya filamu kwanza. Nyingine zina vita au ukatili usiofaa macho ya mtoto.

Hatua ninayoitamani zaidi kwetu ni kuingia kwenye kamati zinazopanga matukio haya. Tamasha la Februari hupangwa tangu vuli au kabla, na anayekuja Januari na wazo zuri hukuta ratiba imeshachapwa. Nenda Septemba, muhula unapofunguliwa, useme unataka kujitolea. Utaanza kwa kupanga viti na kupokea wageni mlangoni. Baadaye utakaa na wanaotazama filamu na kuchagua, na hapo sauti ya mtu anayejua Kigoma au Bukavu hubadilisha kinachoonyeshwa.

Kama chuo cha mjini kwako hakina kitu cha namna hii, anza na filamu moja. Mtafute mwalimu mmoja au mkutubi atakayekubali kusimamia, kwani bila mtu wa ndani hupewi chumba. Mwambie aulize mapema kuhusu haki ya kuonyesha filamu hadharani, maana kuilipia nyumbani au kuwa na diski yake hakutoshi. Mkutubi mara nyingi anajua nani wa kumwandikia, na pengine maktaba tayari ina filamu zenye ruhusa hiyo. Chagueni siku ya katikati ya wiki jioni, karibu na saa ambazo madarasa ya Kiingereza yanatoka, ili wenzetu wanaosoma huko wapite moja kwa moja.