Maswali ya Wasomaji: Skii za Porini

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea skii (vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji) nyembamba za kwenye njia zilizochongwa kwa mashine. Sasa nataka kwenda porini, ambako kwa siku moja mtu huweza kuvuka ziwa lililoganda, kupanda kilima na kushuka mteremko wenye theluji laini. Muuzaji amenishauri ninunue skii pana kuliko zote alizo nazo, zenye kingo za chuma. Je, nimsikilize? Na buti zangu za zamani zitafaa?

JIBU: Kuhusu kingo za chuma, muuzaji yuko sahihi, kwa sababu bila hizo skii haishiki theluji iliyogeuka barafu. Kuhusu upana, tungesita. Skii pana huelea vizuri kwenye theluji laini na hugeuka kwa wepesi, lakini kwenye tambarare ni mzigo, na unapokatiza mteremko mgumu kwa ubavu, upana huo hukielemea kifundo cha mguu. Kwa safari uliyoieleza, ambayo sehemu kubwa ni kutembea, kiuno, yaani sehemu nyembamba ya katikati ya skii, cha milimita 60 hadi 70 kinatosha. Ujue tu kwamba skii ambayo sehemu yake pana inazidi milimita 70 hivi haiingii tena katika mifereji ya njia ulizozizoea.

Chagua zenye magamba yaliyochongwa chini ya unyayo, yanayoshika theluji bila nta, maana theluji ya porini hubadilika mara nyingi kwa siku moja, na kupaka nta upya kila inapobadilika kunachosha. Magamba huteleza kwenye barafu na kwenye mwinuko mkali, kwa hiyo beba pia ngozi fupi za kubandika chini ya skii wakati wa kupanda.

Fedha nyingi, kwa maoni yetu, ziende kwenye buti. Ishike buti kisiginoni na kwenye ncha, kisha uisokote kama anayekamua nguo: ikijipinda kwa urahisi, haitaweza kuiongoza skii pana hata kama skii yenyewe ni bora kiasi gani. Buti zako za njiani huenda zikashindwa jaribio hilo, na hata zikilishinda, kijiti cha chuma kilicho chini ya ncha zake hakilingani na NNN BC, aina ya kifungio cha kushikiza buti kwenye skii za porini, kilichotengenezwa kwa ajili ya kijiti kinene zaidi. Mfumo wa pini tatu zinazoingia kwenye matundu ya soli ya buti, wenye upana wa milimita 75, ambao chimbuko lake ni Norway mwaka 1927, bado unaaminika kwa kuwa hauna sehemu nyingi za kuharibika. Ila kagua matundu ya soli mara kwa mara, kwani hulika na kupanuka. NNN BC ni rahisi kuvaa na kuvua, lakini barafu ikijaa kwenye kifungio, kijiti hakiingii mpaka uikwangue.

Fimbo ziwe za kurefushwa na kufupishwa, zenye visahani vipana vinavyozuia kuzama. Urefu wa skii uamuliwe kwa uzito wako pamoja na begi lililojaa, kwa hiyo nenda dukani ukiwa umekwisha kulipima begi hilo. Na ikiwa miteremko unayoikusudia inazidi nyuzi 30, hatari ya maporomoko ya theluji haiondolewi na skii yoyote. Hapo utahitaji mafunzo, kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, ufito wa kuchunguzia na koleo kabla ya kufikiria upana.