Kwa nini "ndiko tulikoketi" na si "ndipo tulipoketi"?

SWALI: Kwaya yetu inaandaa Zaburi ya 137. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, mstari wa kwanza unasema: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Mwenzangu anashikilia kwamba kando ya mto ni mahali mahususi, hivyo Kiswahili sanifu kinataka "ndipo tulipoketi", na ameshabadilisha karatasi za waimbaji. Waimbaji nao wanauliza: "mkono wangu wa kuume na usahau", usahau nini? Mwisho, tangazo letu limeandikwa "wimbo wa uhamiaji". Tumekosea? (Mwalimu wa kwaya, Iringa)

JIBU: Rudisheni "ndiko", Mwalimu, kabla waimbaji hawajakariri hiyo nyingine.

Kanuni anayoitaja mwenzako ipo kweli. Pa- huonyesha mahali mahususi, ku- huonyesha upande au eneo lisilobainishwa, mu- huonyesha ndani. Ukiulizwa kitabu kiko wapi unasema "kipo pale mezani". Ukiulizwa habari za shangazi unasema "yuko Kigoma". Lakini kanuni hiyo haisemi kwamba kila ukingo wa mto ni mahususi. Inategemea msemaji anautazama vipi, na mshairi huyu hakutaja mto mmoja. Kiebrania kinasema "naharot", wingi. Nchi tambarare ya Babeli ilikuwa imekatwakatwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, na mifereji hiyo nayo iliitwa mito: mto Kebari wa Ezekieli 1:1 ulikuwa mfereji wa jirani na mji wa Nippur. Yapo mabamba ya udongo ya mwandiko wa kikabari, la zamani zaidi likiwa la mwaka 572 KK, yanayotaja kijiji cha Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, ambako watu wa Yuda walipewa mashamba na kulipa kodi ya mazao. Walikuwa wametawanyika kwenye mifereji mingi. Hakuna mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole, kwa hiyo -ko- inafaa kuliko -po-.

Sababu ya pili ni ya kisarufi, nayo ina nguvu zaidi. Kirejeshi -po- kina kazi nyingine kubwa, ya wakati. "Tulipoketi" msikilizaji ataisikia kwanza kama "wakati tulioketi", na "ndipo" ataisikia kama "hapo ndipo mambo yalipoanza". Sasa tazama neno linalofuata katika mstari uleule: "tulipoikumbuka". Hiyo -po- ni ya wakati bila shaka, na inalingana na Kiebrania "bezokhrenu", "katika kukumbuka kwetu". Ukiandika "ndipo tulipoketi, tukalia tulipoikumbuka", umeweka -lipo- mbili zenye kazi mbili tofauti ndani ya pumzi moja. Shuka mpaka mstari wa 6 ukutane na "nisipokukumbuka", na hapo -po- imo ndani ya -sipo- ya sharti. Mahali ni -ko-, wakati ni -po-, sharti ni -sipo-. Mgawanyo huo ni msafi, na kuuvuruga kwa ajili ya kanuni iliyoshikwa nusu ni hasara.

Mkibaki na "ndiko", angalieni upatanisho. Ndiko huenda na -ko-, ndipo na -po-, ndimo na -mo-. "Ndiko tulipoketi" ni mchanganyiko. "Ndiko tuliketi" husikika sana mitaani, ila imeangusha kirejeshi ambacho ndi- inakidai. Na anayechapa karatasi asiandike "tuliko keti" kwa maneno mawili: hapo inasomeka kama amri, "huku tuliko, keti!"

Lakini uzito wote wa "ndiko" unaonekana ukiweka Kiebrania kando yake: "al naharot bavel, sham yashavnu". Neno kwa neno: kando ya mito ya Babeli, huko tuliketi. Mahali pametangulizwa mbele ya sentensi, kisha neno dogo "sham" linaparudia kwa mkazo. Kiswahili kina chombo kilekile hasa: unatanguliza mahali, unapatilia mkazo kwa ndi-, unapafunga kwa kirejeshi. Mtafsiri hakuongeza pambo lolote.

Na "sham" inarudi mwanzoni mwa mstari wa 3: "Maana huko waliotuchukua mateka walitaka tuwaimbie". Huko, si huku. Mtu aliye bado ukingoni angesema "hapa" au "huku". Mshairi anasema "huko" mara mbili, na vitenzi vyake vya mwanzo vyote viko katika wakati uliopita. Ndiyo maana wafasiri wengi husoma zaburi hii kama sauti ya watu waliokwisha kurudi, baada ya Koreshi wa Uajemi kuutwaa Babeli mwaka 539 KK, wanaoitazama Babeli kwa mbali. Wimbo unaosemekana kila mahali kuwa uliimbwa mtoni unasema wenyewe kwamba haukuimbwa mtoni! Mtoni vinubi vilitundikwa. Wapo wanaopinga, na wana hoja: mstari wa 8 unamwita "binti Babeli" kana kwamba adhabu yake bado inangojewa. Neno la Kiebrania pale ni "hashedudah", umbo la kutendwa, ambalo likisomwa wazi ni "uliyeangamizwa". Union Version imepita katikati kwa kusema "uliye karibu na kuangamia". Koreshi hakuubomoa mji ule alipouteka, kwa hiyo neno hilo halimalizi ubishi. Kwangu "huko" mbili zina uzito kuliko umbo moja la kitenzi. Mwenzako akisisitiza "ndipo", basi mstari wa 3 nao itabidi uwe "maana hapo", na "hapo" hiyo itasikika kama wakati. Umbali wote utapotea.

Kama kuna neno la mstari wa kwanza ambalo ningelijadili, si "ndiko" bali "keti". Kitenzi cha Kiebrania "yashav" kina maana mbili zinazokwenda pamoja: kuketi na kuishi mahali. Ni kitenzi hichohicho Yeremia anachotumia katika sura ya 29 anapowaandikia waliohamishwa wajenge nyumba na wakae ndani yake. Keti ni kuketi tu. Kaa ndiyo inayobeba yote mawili, "kaa kitako" na "anakaa Mbeya", na juu yake tuna kukaa matanga na kukaa eda. Waombolezaji wa Kiebrania nao waliketi chini, kama rafiki zake Ayubu walivyofanya siku saba. "Ndiko tulikokaa, tukalia" ingempa msikilizaji wa Kiswahili makazi, mkao na msiba katika silabi mbili. Sisemi mbadilishe, kwa sababu "tulikoketi" imekwisha kuzoeleka masikioni na inaimbika vizuri. Ila anayewaeleza waimbaji aseme kwamba kuketi kule kulikuwa kwa miaka, si kwa alasiri moja.

Jambo moja la sauti ambalo kwaya ingelitumia. Katika mistari mitatu ya kwanza, kiambishi cha Kiebrania cha "sisi", -nu, kinasikika mara tisa: yashavnu, bakhinu, bezokhrenu, talinu, kinnorotenu, she'elunu, shovenu, tolalenu, lanu. Ni kilio chenye kina chake. Sasa hesabu katika Kiswahili: tulikoketi, tukalia, tulipoikumbuka, tulivitundika, vyetu, waliotuchukua, tuwaimbie, waliotuonea, tuimbieni. Tisa vilevile, ingawa kina kimehama kutoka mwisho wa neno kwenda mwanzo au katikati. Sijui kama mtafsiri alikusudia, lakini mtunzi wa muziki akiweka mkazo kwenye hizo tu, hatakuwa amekosea. Katika mstari wa 3 maadui ndio wanaosema "tuimbieni", na hapo "tu" yao inaipora "tu" ya mateka. Mwalimu anaweza hata kuigawa: mateka sauti ya chini, "tuimbieni" sauti nyingine.

Sasa mkono. Tatizo la waimbaji wenu lina mafundo mawili, na la kwanza ni hiyo "na". Katika "mkono wangu wa kuume na usahau", "na" si kiunganishi. Ni alama ya kutakia au kuapiza, ileile ya "Mungu na akubariki". Hukaa kati ya kiima na kitenzi, na kitenzi huwa katika umbo la -e, isipokuwa vitenzi vya asili ya Kiarabu kama sahau, samehe na fikiri, ambavyo hubaki na irabu yake. Hapo ndipo mkanganyiko unapoingia: "usahau" haina -e ya kuitambulisha, na u- yake inaweza kuwa ya mkono, ngeli ya tatu, au ya "wewe". Muziki ukikata pumzi baada ya "kuume", msikilizaji anasikia "...na wewe usahau". Dawa ni kutokata hapo. Pumzi iwe baada ya "nikikusahau wewe", kisha "mkono wangu wa kuume na usahau" uimbwe kwa mkupuo mmoja. Mstari unaofuata unathibitisha usomaji huo kwa sababu una -e: "ulimi wangu na ugandamane na kaakaa la kinywa changu". Humo mna "na" mbili, ya kwanza ya kuapiza, ya pili ya "pamoja na". Wanafunzi wa sarufi wangefurahi.

Fundo la pili: usahau nini? Kiebrania nacho hakisemi. "Tishkach yemini", mkono wangu wa kuume usahau, nukta. Tafsiri kadhaa za lugha nyingine hujaza pengo kwa "ustadi wake". Wataalamu wengine hulihusisha neno na mzizi wa Kiugariti, lugha ya kale ya jamaa ya Kiebrania, au hubadilisha mpangilio wa herufi, wapate "unyauke" au "upooze". Kiswahili cha "upooze" kinaeleweka haraka, lakini kinaua kitu: mshairi ametumia kitenzi kimoja mara mbili, nikikusahau, mkono wangu nao usahau. Pengo linajazwa na muktadha. Mkono wa kuume ndio unaopiga nyuzi, ulimi ndio unaoimba. Mwanamuziki anajiapiza kwa viungo viwili vya kazi yake. Waambieni waimbaji: usahau kupiga. Wala msiongeze neno hilo kwenye karatasi.

Msibadili pia "kuume" kuwa "kulia". Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, sawa, lakini katika zaburi ambayo imekwisha sema "tukalia" kwa machozi, sikio litateleza.

Kinubi nacho, kwa sababu mchoro wa tangazo huenda ukahitaji: "kinnor" haikuwa kile kinubi kikubwa cha pembetatu kinachosimama sakafuni. Ilikuwa na kisanduku cha sauti, mikono miwili na mti wa kukingama juu, ikishikwa mkononi. Nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wagusii, zenye nyuzi nane, ni za ukoo huo. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaipa nyuzi kumi. Kitu cha namna hiyo kinatundikika mtini bila shida. Miti yenyewe, "aravim", yaelekea ni mpopla wa mto Frati. Mti wa matawi yanayoinama ambao mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita Salix babylonica mwaka 1753 asili yake ni China, basi msiuchore.

Tangazo: ndiyo, mmekosea. Hama inazaa hamia, na kutoka hapo uhamiaji, kuingia nchi nyingine kwa hiari. Siku hizi neno hilo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye foleni ya pasipoti. Hama pia inazaa hamisha, na kutoka hapo uhamisho: kuna aliyehamisha na kuna aliyehamishwa. Ni neno analotumia Mathayo 1:17, "uhamisho wa Babeli", ingawa mwalimu wa shule aliyepangiwa wilaya nyingine naye hupata uhamisho. Tena hiyo "wa" ni ya utata, kwani Babeli haikuhamishwa, bali ilihamishia watu kwake. "Uhamisho wa kwenda Babeli" ni sahihi zaidi.

Zaburi yenyewe, cha ajabu, haitumii kabisa maneno ya Kiebrania ya uhamisho, "golah" na "galut". Inasema "shovenu", waliotuchukua mateka, neno linalogongana kwa sauti na "yashavnu", tuliketi. Kwa hiyo ningeandika "Wimbo wa Mateka wa Babeli". Na kwa kuwa kwaya inaimba "Babeli", tangazo lisiandike "Babiloni".