Kodi ya makala (mkaa): itozwe kwa mtu au kwa gunia?

SWALI: Nauza makala Majengo, hapa Goma. Kila vita vinapoleta wakimbizi wa ndani, bei inapanda na msitu wa Virunga unazidi kukatwa. Wengine mtaani wanataka kila jamaa ya wageni itozwe kodi ya mazingira inapofika. Itasaidia?
Mama muuza makala

JIBU: Hapana, Mama. Mgeni akishalipa kodi hiyo, gunia atakalonunua kesho bei yake ni ileile, kwa hiyo hana sababu ya kupunguza moto. Asiye na fedha atakwepa kuandikwa, na msaada utampita. Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza jambo hili mwaka 1920: kinachotozwa ni kitendo kinacholeta hasara, awe anakifanya nani.

Tupige hesabu, kwa bei za mfano. Jamaa 100 za wenyeji zinatumia gunia moja kwa mwezi kila moja, kisha zinafika nyingine 20 za wageni: magunia 120. Kila jamaa ngeni ikitoa faranga 5,000, mnakusanya 100,000 na magunia ni yaleyale 120. Sasa gunia la 50,000 liwekewe ushuru wa 5,000. Tuseme watu wanapunguza asilimia 3 tu, maana hawana moto mwingine. Yanabaki kama 116, na mfuko wa ushuru unapata karibu 580,000 kila mwezi. Msitu umepona kidogo sana kwa bei peke yake. Nguvu iko kwenye huo mfuko. Ununue mbabula (majiko ya makala) bora zinazookoa theluthi ya makala, zianzie kwa waliofika mikono mitupu. Na anayewagawia maharagi makavu bila kitu cha kuyapikia anawasukuma msituni. Yakilowekwa usiku kucha yanakula moto mdogo.

Ushuru ukihesabiwa kwa gunia, wachomaji watalishonea kichwa mpaka liwe gunia na nusu. Bora upimwe kwa kilo, mizanini, mara moja tu. Kila kizuizi kikikata jetoni (risiti ya ushuru) yake, gari litapita usiku na hakuna mti utakaopandwa.

Kosa baya zaidi ni kutoza sawasawa makala ya parki na ya mashamba. Virunga ni hifadhi tangu 1925 na kukata miti humo ni marufuku: ukiyatoza makala yake umeyahalalisha. Mpanda mikaratusi anangoja miaka mitano hadi saba, anapalilia, analinda. Mwizi gharama yake ni jasho tu. Wakilipa sawa, mpanda miti ataacha. Yeye asamehewe, mradi awe na karatasi inayoonyesha shamba lake, na sehemu ya mfuko imfundishe kujenga tanuru. Kwenye tanuru ya udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 za makala. Kuni mbichi hutoa pungufu, na ufa mmoja ukiachwa wazi hewa inaingia, makala yanageuka majivu.

Wewe, Mama, mdai anayekuletea mzigo akuonyeshe karatasi hiyo kabla hujamlipa, na makala ya mashamba uyapange kando ili mnunuzi ajue anachochukua.